Pazia jeusi limemshukia baba jichoni, kaka anataka kutuma pesa ya vidonge

BARUA

Shikamoo Dokta.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi na wazazi wangu Ngamiani, hapa Tanga. Baba ana miaka 63 na ni fundi cherehani. Kanzu za Idi na sare za shule za mtaa wetu nyingi zimepita mikononi mwake. Ana sukari kwa miaka mingi, na presha pia.

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, aliamka jicho la kushoto halioni. Halikuuma, halikuwa jekundu, wala halikutoa tongotongo. Alisema ni uchovu wa kukesha na kazi za sikukuu. Mama akampaka asali, jirani akaleta maji ya majani. Mimi ndiye niliyekuwa na pesa ya hospitali, na sikusema kitu. Tulipompeleka, wiki nzima ilikuwa imeshapita. Tukaambiwa mshipa unaopeleka damu kwenye retina umeziba na seli za neva zilizokosa damu zimekufa. Mpaka leo jicho hilo linaona kivuli cha mkono ukipita, basi.

Sasa Jumatano hii baada ya Alasiri alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilimkuta ameshika uzi hewani, amekodoa, anasema pazia jeusi limeshuka kutoka juu kwenye jicho la kulia, lile zima, na limefika katikati. Ilikuwa dakika tano hivi, labda zaidi kidogo. Kisha likapanda, akaona kama kawaida, akamalizia kushona mfuko wa kanzu. Nikimtajia hospitali anasema, "Si limeshaisha? Utampeleka daktari akaangalie nini?"

Nilipopekua kabati nikakuta vidonge vyake vya presha vya tangu Ramadhani havijaguswa. Alikuwa anameza kimoja siku kichwa kikimuuma. Na sigara hajaacha, anavuta barazani akinywa kahawa na wenzake.

Kaka yangu yuko Dar. Kaonyeshwa vidonge fulani, chupa moja 85,000, na kwa mwezi zinatakiwa chupa mbili. Muuzaji anasema utafiti umethibitisha vinalinda seli za neva za retina zisife kwa kukosa damu, na hata zilizokufa vinazifufua. Kaka anataka kutuma hiyo 170,000 tuanze navyo, hospitali itafuata. Baba amefurahi kwa sababu hakuna foleni wala sindano.

Naomba unijibu: seli zilizokufa zinaweza kufufuka? Hivyo vidonge vinafanya kazi? Na lile jicho la kwanza, ni mimi niliyechelewesha? Mama halali usingizi, anasema asali yake ndiyo iliyoliua.

Binti wa Fundi, Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wengine wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Nilimpigia binti huyu simu jioni ileile niliyoisoma, nikamwambia: mchukue mzee, panda bajaji, nenda naye hospitali ya Bombo usiku huu. Usingoje kliniki ya Jumatatu. Pale mapokezi usiseme "anaumwa macho," maana utaelekezwa kwenye benchi la watu wa macho mekundu na miwani. Sema "amepoteza kuona ghafla kwa dakika tano, ana sukari na presha, na jicho la pili lilishapofuka hivihivi." Nashukuru ulinisikiliza, na nashukuru zaidi kwamba mzee alikubali.

Kesho yake ulinitumia ujumbe: presha 188 kwa 106. Sukari kabla ya kula 15. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, haikuonyesha moyo kwenda ovyo. Wamemrudisha kwenye dawa za presha, wamempa aspirini na dawa ya kushusha lehemu, na wamemwandikia rufaa akapimwe mishipa ya shingo kwa ultrasaundi na kuonwa na bingwa wa retina. Na kaka yako bado anasema vidonge kwanza. Kwa hiyo naandika kwa ajili yako, lakini mengi ya humu nataka kaka ayasome.

Kilichomtokea baba yako Jumatano hakikuwa uchovu. Lile pazia linaloshuka na kupanda ni damu iliyokatika njiani kwa dakika chache. Mara nyingi chanzo ni kipande kidogo cha damu iliyoganda, au cha mafuta yaliyogandia kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa shingo. Kinasafiri na damu, kinakwama kwenye mshipa mwembamba wa jicho, halafu kinasagika au kinasogea na damu inapita tena. Mshipa ule wa shingo ndio huohuo unaolisha ubongo. Kipande kinachofuata kikikosa njia ya jicho kinaweza kuchukua ya ubongo, na hapo tunazungumzia mdomo uliopinda na mkono usioinuka. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo baada ya dalili, ndiyo maana sikukuacha ulale ukisubiri Jumatatu. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa maelekezo yanayosema wazi kwamba kuziba kwa mshipa mkuu wa retina ni kiharusi, na mgonjwa ashughulikiwe kama mgonjwa wa kiharusi. Baba yako mwaka jana alipata kiharusi cha jicho. Jumatano alipewa onyo la cha pili.

Sasa seli zenyewe, maana ndizo muuzaji anazozitaja ili auze vidonge vyake.

Retina ni utando ulio nyuma kabisa ya jicho, unene wake haufiki nusu milimita. Ni sehemu ya ubongo iliyosogea mbele ikakaa ndani ya jicho. Nyuzi za neva kama milioni moja zinakusanyika pale na kutoka nyuma kama waya mmoja kwenda kwenye ubongo. Tabaka za nje za retina zinapata oksijeni kutoka kwenye utando wa mishipa uliolala nyuma yake. Lakini tabaka za ndani, ambako ndiko ziliko seli zinazotoa hizo nyuzi, zinategemea mshipa mmoja mwembamba unaoingia katikati ya neva ya jicho. Ukiziba huo, kwa watu wengi hakuna njia ya mchepuko. Na seli hizi ni walaji wakubwa wa oksijeni, hazina akiba.

Damu ikikatika, seli inaishiwa nguvu ndani ya dakika. Ile kazi yake ya kila wakati ya kusukuma chumvi nje inasimama. Kemikali iitwayo glutamati, ambayo kwa kawaida hutumika kidogokidogo kupelekeana taarifa, inamwagika nyingi kwa mpigo na kuzichochea seli za jirani kupita kiasi. Kalsiamu inafurika ndani ya seli, na vimeng'enya vinaanza kuila seli yenyewe. Hata damu ikirudi, oksijeni inayorudi kwa kishindo inazaa kemikali kali zinazochoma kuta zilizokwisha dhoofika. Seli nyingine hazifi siku hiyo. Zinajiua polepole katika siku zinazofuata. Hapo katikati, kati ya kujeruhiwa na kufa, ndipo wanasayansi wa dunia nzima wanapotafuta dawa, na ni utafiti wa kweli ninaoufuatilia kwa matumaini. Muuzaji wa kaka yako hakuutunga. Ameuchukua na kuuvusha mpaka mahali ambapo haujafika.

Maana tazama utafiti huo unavyofanyika. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi. Sindano nyembamba sana inaingizwa mbele ya jicho, imeunganishwa na chupa ya maji ya chumvi. Chupa inainuliwa juu mpaka shinikizo ndani ya jicho linapita presha ya damu ya panya mwenyewe. Retina inapauka, damu haipiti. Inaachwa hivyo, mara nyingi kwa saa moja, kisha chupa inashushwa na damu inarudi. Baada ya siku kadhaa mtafiti anahesabu seli zilizobaki. Dawa inayojaribiwa, mara nyingi panya amekwisha kupewa kabla ya jicho kunyimwa damu, au anapewa mara tu chupa inaposhushwa. Kwa njia hii vitu vingi sana vimeonyesha kuokoa seli: kemikali za bizari ya manjano, za zabibu nyekundu, za mti wa ginkgo, na dawa kadhaa za hospitali. Lakini mtafiti anajua saa na dakika damu itakapokatika, kwa kuwa yeye ndiye anayeikata. Baba yako aliamka asubuhi tayari jicho limezimika.

Na pale dawa zilipovuka kutoka kwa panya kuja kwa watu, mambo hayakwenda hivyo. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni memantini, dawa ya wagonjwa wa kusahau, ambayo kazi yake ni kuzuia uharibifu wa glutamati. Kwa wanyama iliokoa seli za neva za jicho. Ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa presha ya jicho, ugonjwa mwingine unaoua seli hizohizo, kwa miaka minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: haikuwalinda kuliko vidonge visivyo na dawa ndani. Vitamini B3 ilikinga neva za macho ya panya wenye presha ya jicho katika utafiti wa mwaka 2017, na majaribio kwa watu yanaendelea, lakini kwa dozi kubwa zinazohitaji kuangaliwa ini. Hata kuyeyusha damu iliyoganda kwa dawa inayopitishwa moja kwa moja kwenye mshipa kulijaribiwa Ulaya. Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati na kuchapishwa mwaka 2010, kwa sababu waliopewa dawa hawakuona vizuri zaidi na walipata madhara mengi zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, nalisema kwa uchungu: seli za neva za retina zilizokufa hazifufuki. Mwilini mwa binadamu hazioti upya, na hakuna kidonge, tone wala sindano duniani leo inayozirudisha. Atakayekuambia vinginevyo mwombe akuonyeshe watu waliopimwa, si panya. Na kama kitu kinadai kutibu ugonjwa, mwulize namba yake ya usajili TMDA, mamlaka ya serikali inayosajili dawa. Kuna jambo jingine kuhusu hizo chupa: baba sasa yuko kwenye aspirini. Mimea kama ginkgo ikichanganywa nayo inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Vidonge ambavyo hujui ndani yake mna nini, kwa mtu wa sukari na presha, havifai hata vikigawiwa bure.

Kuhusu jicho la kushoto na wewe kuchelewa. Profesa Sohan Singh Hayreh wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alipima kwa nyani wazee wenye presha na mishipa iliyokakamaa: retina yao ilivumilia kukosa damu kwa dakika 97 bila kuonyesha uharibifu, lakini damu ikikatwa kwa dakika 240, yaani saa nne, uharibifu ulikuwa mkubwa na wa kudumu. Baba alilala akiona, akaamka haoni. Hakuna ajuaye damu ilikatika saa ngapi usiku ule. Inawezekana kabisa kwamba ulipokuwa unasikia adhana ya Alfajiri seli zilikwisha kufa. Asali haikuliua jicho. Asali inaishia kwenye kioo cha mbele, retina iko nyuma, na haikufika huko. Mwambie mama hivyo, mwambie leo, ili alale. Mwambie pia asirudie, kwa sababu majani na asali zisizo safi huleta vidonda kwenye kioo cha mbele na makovu yanayopofusha, na sasa hatuna jicho la kujaribia.

Wiki mliyosubiri iligharimu kitu, sitakuficha. Iliwachelewesha kuuliza kwa nini mshipa uliziba. Mshipa hauzibi kwa bahati mbaya kwa mtu wa presha na sukari anayevuta sigara, na swali hilo lingeulizwa mwaka jana pengine Jumatano hii isingekuwepo. Lakini mwanangu, swali hilo lilitakiwa kuulizwa na sisi wa hospitali pia, siku ile ile mlipoambiwa seli zimekufa. Mtu mwenye kiharusi cha jicho hapaswi kuruhusiwa kwenda nyumbani na neno "pole" peke yake. Usilibebe hili peke yako.

Sasa njoo kwenye dawa inayolinda seli za jicho la kulia, maana ipo, imejaribiwa kwa watu, na mnayo kabatini.

Mwaka 1998 Uingereza walichapisha matokeo ya watu 1,148 wenye sukari ya ukubwani na presha, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka minane. Kundi moja lilibanwa presha kwa nguvu, jingine likaachiwa zaidi. Wa kwanza walifikia wastani wa 144 kwa 82, wa pili 154 kwa 87. Tofauti ya pointi kumi tu. Lakini wale waliobanwa walipunguza kwa asilimia 34 uwezekano wa retina kuharibika zaidi, na kwa asilimia 47 uwezekano wa kushuka mistari mitatu kwenye kadi ile ya herufi za kupimia macho. Dawa walizoanzia zilikuwa kaptoprili na atenololi, vidonge vya kawaida vya presha. Kaka yako akiuliza utafiti uko wapi, msomee aya hii. Baba alikuwa na 188. Umbali kati ya 188 na 144 ni pointi 44.

Kwa nini presha na sukari ziguse seli za neva? Kwa sababu zinaharibu bomba la kuzilishia. Presha inakakamaza kuta za mishipa na kuibana. Sukari inaviua vimishipa vidogo kabisa kimoja kimoja, na kila kinapokufa kiraka kidogo cha retina kinabaki na njaa. Retina yenye njaa inatoa kemikali ya kuomba mishipa mipya, nayo inaota, lakini ni mibovu, inavuja damu ndani ya jicho. Ndiyo maana bingwa wa retina atataka kuangalia jicho la kulia hata kama mzee anasoma gazeti vizuri. Akikuta mishipa hiyo anaweza kuichoma kwa leza au kumchoma sindano ya dawa inayoizuia. Hospitali za Muhimbili na CCBRT kule Dar zinafanya kazi hiyo, na hospitali ya KCMC Moshi pia. Jicho la kushoto nalo liangaliwe. Jicho lililokosa damu linaweza kuota mishipa hiyo mibovu upande wa mbele na kuleta presha ya jicho yenye maumivu makali. Likianza kuuma au kuwa jekundu, usiseme "lilishakufa."

Kuhusu kumeza dawa nina mambo ya kusisitiza, maana nawajua wazee wetu. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia vya tangu Ramadhani. Presha iliyozoea juu ikiporomoka ghafla, mishipa iliyobana inakosa msukumo na jicho linakosa damu tena, safari hii kwa presha kuwa chini mno. Ishushwe taratibu, kwa kurudi kliniki. Na asihamishie dawa ya presha usiku kwa uamuzi wake, kwa kuwa usingizini presha hushuka yenyewe, na neva ya jicho yenye mishipa dhaifu inaweza kuishiwa. Saa ya kumeza aipange daktari. Ramadhani ijayo aende kliniki kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi zinaweza kupangwa kwenye futari na daku, na kwa mtu wa hali yake daktari na shehe wake wote wawili wana la kumwambia kuhusu kufunga kwenyewe.

Sigara nayo iishe. Usimgombeze mbele ya wenzake barazani, utamfanya aivute kwa ubishi. Wale wazee wa kahawa wazungumze nao pembeni, mmoja mmoja, uwaambie mwenzao amebakiwa na jicho moja. Nina hakika watamfichia kiberiti wenyewe.

Kuna kazi ambayo ni ya kaka yako na si yako. Amuulize baba kwa siri, mwanaume kwa mwanaume, kama anatumia dawa yoyote ya nguvu za kiume ya kununua mitaani. Zinashusha presha, na daktari wake anapaswa kujua. Binti hawezi kumuuliza baba yake hilo, na baba hawezi kumjibu.

Akiwa kazini, mnunulie miwani ya kazi ya plastiki ngumu isiyovunjika, avae kila anapokaa kwenye cherehani. Sindano ya cherehani ikigonga kifungo cha chuma inakatika na kuruka. Mtu mwenye macho mawili ana bahati ya pili, baba hana. Taa nzuri ya mezani upande wa kulia, na kile kidude cha bati cha kutungia uzi, vitampunguzia kukodoa. Baiskeli aiweke kwanza, najua kumwambia mtu wa Tanga asipande baiskeli ni kumwambia asitoke. Lakini pazia likishuka akiwa barabarani hatakuwa na jicho la pili la kumfikisha pembeni. Arudi kuuliza baada ya vipimo.

Kila asubuhi azibe jicho la kushoto kwa kiganja na kuangalia kalenda ya ukutani. Tarehe zote zipo? Hakuna kona iliyofifia? Na pazia likishuka tena, hata kwa dakika moja, usimsugue jicho, usimpake kitu, usingoje lipande. Tazama saa, ikariri, na muondoke. Siwezi kukuahidi kwamba hapa Tanga watakuwa na dawa ya kuuzibua mshipa. Hata kwenye hospitali kubwa za ng'ambo hilo bado linabishaniwa. Lakini wataweza kuukinga ubongo na kukamata chanzo. Vivyo hivyo akihisi moyo unaruka-ruka, sema, kwa sababu ECG moja inaweza kupishana na moyo unaokwenda ovyo siku nyingine. Na akianza kuumwa kichwa kwenye panja, pembeni mwa jicho, au taya kuchoka anapotafuna, hiyo ni taarifa ya kumpa daktari siku hiyohiyo.

Sasa ile 170,000. Mpigie kaka kabla hajaituma kwa muuzaji. Mwambie hupingani naye, anataka kulinda macho ya baba na wewe unataka hivyohivyo. Kisha mpe kazi: akaulize Muhimbili na CCBRT bei ya ultrasaundi ya mishipa ya shingo na ya kuonwa na bingwa wa retina, na siku za kliniki. Nauli ya basi ya watu wawili kwenda na kurudi itoke humo, na malazi ni kwake, kwa kuwa vipimo huenda vikachukua zaidi ya siku moja. Wewe hapa Bombo pita ofisi ya ustawi wa jamii na kitambulisho cha mzee. Ana zaidi ya miaka 60, na mzee asiyejiweza ana haki ya msamaha wa gharama katika hospitali za serikali. Kama ana bima, hakikisha rufaa imegongwa muhuri kabla hamjapanda basi. Mkikuta mshipa wa shingo umebana sana, kuna upasuaji wa kuusafisha kwa wanaofaa, na uamuzi huo hufanywa mapema, kwa hiyo msiisogeze safari mpaka mwisho wa mwezi.

Bebeni karatasi za mwaka jana za jicho la kushoto, majibu ya juzi, na maboksi yote ya dawa, hata lile la Ramadhani ambalo halijaguswa. Mpe daktari alione. Siku ya kupimwa retina atawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa ataona ukungu na mwanga utamchoma, hivyo mshike mkono mnapovuka barabara na mbebee kofia yake. Sukari apime kabla ya kusafiri, na usimwache safari nzima na chai kavu. Mkirudi niandikie majibu ya shingo. Nitakupigia.